Vyombo Chini ya Kitanda cha Mama

Jumatatu, 2 Septemba

Vijiko vimepungua tena. Asubuhi nimeosha vyombo vya jana, nikavianika kichanjani, nikaingia ndani kumalizia gauni la mteja. Natoka, sahani zipo, vijiko hakuna. Mume wangu Mussa kanywa uji kwa kikombe, akinitazama juu ya kikombe. Kisha kaenda zake kazini bandarini.

Kunguru hawali vijiko. Nimefagia ua wote, nimechungulia hadi shimo la taka. Hakuna.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake kivulini, anachambua mbaazi. Nimemuuliza. Kasema watoto wamechukua. Watoto gani? Wangu, Nasra na mdogo wake, wako Masasi, shule ya bweni. Humu ndani tuko watatu tu: mimi, mume wangu, na yeye mama, tangu kaka Selemani alipomleta kutoka Ziwani baada ya baba kufariki.

Sikubishana. Mchana tumekula ugali wa muhogo na dagaa. Ugali hauhitaji kijiko.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimejua vilipo.

Sisimizi ndio walionionyesha. Mstari mrefu kutoka jikoni, unapita ukutani, unaingia chumbani kwa mama. Nimeinua shuka. Chini ya kitanda kuna sahani, mabakuli, vijiko vyote, hata ile sufuria ndogo ya mboga niliyomlaumu Mussa kwamba kaipeleka kazini. Vimefunikwa kwa kanga, vizuri, kama chakula cha mgeni. Vyote vichafu. Kisamvu kimeota ukungu. Mifupa ya samaki ina funza.

Nimekaa sakafuni nikajiziba mdomo.

Huyu ndiye aliyenifundisha kusugua sufuria kwa jivu na makumbi ya nazi mpaka ujione uso. Utotoni kwetu, chombo kikilala kichafu, tunaoamshwa ni sisi.

Nimemuuliza kwa upole, mama, kwa nini. Kasema anavificha wageni wasije wakavibeba. Baada ya kidogo akaniuliza, vyombo gani?

Nimeosha mpaka vidole vimechubuka. Mussa sijamwambia. Naona aibu, kana kwamba ni mimi niliyeviweka pale.

Jumapili, 8 Septemba

Siku mbaya sana.

Mteja alikuwa aje jioni kuchukua gauni lake la harusi ya mdogo wake. Satini, rangi ya maziwa. Nimeliacha juu ya cherehani, nimekwenda dukani kwa uzi. Nimerudi, mama yuko uani na beseni. Anasugua sufuria la nje, lile la kuni. Anasugulia gauni.

Masizi kila mahali. Mikono, kifua, pindo.

Nimepiga kelele. Sijui nimesema nini. Nimeona tu mama anajikunyata, mikono juu ya kichwa, kama mtoto anayesubiri fimbo. Mimi sijawahi kumpiga mama yangu. Lakini yeye alidhani nitampiga. Naye alikuwa na haki ya kudhani, kwa ile sauti.

Nimemshika mikono nikamwomba radhi. Alikuwa ameshasahau. Akaniuliza kama sufuria limetakata.

Mteja amelia. Nimemwahidi kumshonea lingine. Sina kitambaa hicho.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwambia Mussa yote. Hakukasirika. Kasema alikuwa anajua kuna kitu, alikuwa anasubiri niseme. Tumempeleka mama hospitali.

Daktari kijana, mpole. Kamwita mama kwa jina, Bi Somoe, kamuuliza leo ni siku gani, yuko wapi, nani aliyemleta. Mama kajibu kwa heshima zote, majibu yote ya uongo. Amesema yuko Ziwani na Mussa ni baba yake. Daktari anasema ni ugonjwa wa kusahau. Dawa ya kuuondoa hakuna. Anasema mpeni kazi ndogondogo, msimgombeze, msimwache peke yake.

Nimempigia Selemani. Yuko shambani, korosho zimeanza kudondoka. Hataki kusikia habari ya daktari. Anasema hayo si mambo ya hospitali, kuna mtaalamu wa dawa za kienyeji anamfahamu. Na kama sitaki mtaalamu, basi nimfungie ndani.

Nimekata simu. Kumfungia ndani. Mama.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimenunua kufuli. Si la mama, la jiko. Vyombo vyote nimeviingiza mle, pamoja na vile vya wageni vya kabatini. Natoa tunavyotumia, tukimaliza naosha papo hapo, nafunga. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga.

Mama amesimama mbele ya mlango wa jiko kuanzia asubuhi. Anausukuma. Taratibu tu. Hachoki. Nimemletea mkeka, kakaa, kanyanyuka, karudi kusukuma.

Nimeongeza mwendo wa cherehani nisisikie.

Jumanne, 17 Septemba

Kimya. Mlango wa jiko ameuacha. Chini ya kitanda ni safi. Leo Mussa amekula wali kwa kijiko chake, akatabasamu, nami nikatabasamu. Wali bila kijiko kwake si chakula. Nilikuwa namcheka zamani kwa tabia hiyo. Leo ningelia kwa furaha.

Labda nimepata njia.

Ijumaa, 20 Septemba

Sikupata njia yoyote.

Mama Shadya, jirani wa upande wa barabara, amekuja getini baada ya swala. Hakuingia. Kaniuliza kama mama yangu huwa anapita uani kwake. Nimesema hapana, mama hatoki. Nilisema kweli niliyoijua. Kasema kakosa bakuli la uji la mwanawe na kijiko chake, akaondoka.

Nimeingia chumbani. Chini ya kitanda hakuna kitu. Nimeinua godoro. Hakuna. Nimefungua gunia la mbaazi, nikatia mkono.

Sahani. Upawa. Kijiko kidogo. Bakuli dogo la plastiki, lina uji uliokauka. Chini yake doa jekundu la rangi ya kucha. Wanawake wote hapa tunaweka alama vyombo vyetu ili visipotee kwenye shughuli. Doa jekundu ni Mama Shadya. Sahani mbili zina mstari mweupe, sijui ni za nani. Mimi alama yangu ni Z niliyochonga kwa msumari. Yenye Z mle haikuwemo hata moja.

Kwa hiyo nikiwa kwenye cherehani, mama anatoka. Nimemnyima vyombo vya kwake, ametafuta vya watu.

Nimeviosha vyote. Nimevipanga. Nilitaka kuvirudisha leo leo. Miguu haikwenda. Nimesema kesho.

Jumamosi, 21 Septemba

Shadya anaumwa. Ana miaka mitatu. Alfajiri homa kali, kisha degedege. Wamemkimbiza hospitali na bodaboda, mama mtu kambeba mtoto kifuani amefunikwa kanga.

Nimekwenda bombani kuchota maji. Wanawake wamenyamaza nilipofika. Wote kwa pamoja. Nimesalimia. Wameitikia kwa chini. Nimejaza ndoo huku nikisikia maji tu.

Nimeelewa kabla sijafika nyumbani. Makombo ya mtoto, mikononi mwa bibi kizee, na mtoto yuko kitandani hospitali. Mimi ni mtu wa hapa. Najua watu wanayasemaje mambo haya. Najua hata wanayafanyaje.

Bakuli liko mezani kwangu, limeoshwa, linang'aa. Nikilirudisha nimetoa ushahidi. Nikilificha nimekuwa kama yeye.

Sijala leo.

Jumapili, 22 Septemba

Nimelirudisha.

Mussa alitaka kwenda yeye. Nimekataa. Mama Shadya alikuwa amerudi kuchukua nguo. Macho yamevimba. Nimempa pole, nimemweleza, nimemnyooshea bakuli na kijiko ndani. Hakulipokea.

"Weka chini," kasema.

Nimeweka chini.

"Mama Nasra, mama yako anataka nini kwa mwanangu?"

Nimemwambia mama ni mgonjwa, anasahau, daktari amesema, hata mimi hanijui siku nyingine.

"Anasahau njia ya kwake," kasema, "lakini ya jikoni kwangu anaikumbuka."

Nimeliacha bakuli pale chini. Nimerudi nyumbani nikamkuta mama kwenye mkeka, anaimba wimbo wa Kimakonde wa kutwanga. Nilimchukia kidogo. Naandika hivyo hivyo. Nilimchukia, halafu nikamletea maji ya kunywa.

Jumatatu, 23 Septemba

Mwenyekiti wa mtaa amekuja saa za asubuhi na watu wawili. Nje ya geti watu walikuwa wengi zaidi. Mwenyekiti ni mtu mzima, hana maneno makali. Kasema yeye binafsi anaelewa uzee, lakini hawezi kulala getini kwangu kumlinda mtu. Afadhali mama aondoke mtaani hapa Likombe kwa muda, mambo yapoe.

Mama katoka chumbani, kawakaribisha. Kawauliza kama wameshakula. Mmoja wao karudi nyuma hatua, kabisa, kama ameona nyoka.

Mchana jiwe limepiga bati. Jua liko kichwani, watu wanapita, na hakuna aliyeona aliyerusha.

Nimempigia Selemani. Atakuja Alhamisi na pikapu. Anasema ameshamtengenezea chumba, mlango unafungwa kwa nje. Nimesema sawa. Mdomo wangu ndio uliosema sawa.

Nimeswali nikamwombea Shadya mpaka sauti ikakauka. Naogopa kuandika, lakini nitaandika. Sijui nilikuwa namwombea mtoto au namwombea mama. Mtoto akifa watamuua mama. Hakuna njia nyingine ya kuyasema haya.

Jumanne, 24 Septemba

Mama hayupo.

Nilikwenda kuoga tu. Geti nililifunga kwa komeo. Nimetoka bafuni, geti wazi, mkeka mtupu, ndara zake moja huku moja kule. Katoka peku.

Nimezunguka Likombe yote. Nimeuliza dukani, msikitini, kwa wauza mabibo. Wengine wamejibu hawajamwona. Wengine wamegeuza uso. Mama mmoja ninayemshonea nguo amefunga mlango naona.

Mussa ametoka kazini, amekwenda polisi, sasa anazunguka na bodaboda. Ameniambia nibaki, huenda atarudi mwenyewe. Naandika kwa sababu mikono haina la kufanya.

Wakimpata wao kwanza. Kama wamempata. Nasikia kila sauti barabarani. Gari likipunguza mwendo nakimbilia getini.

Mama yangu ana kanga ya njano. Peku. Hajui jina la mtaa huu.

Nimefungua kufuli la jiko. Nimeuacha mlango wazi kabisa. Sijui namfungulia nani.

Adhana ya laasiri. Bado.

Jumatano, 25 Septemba

Amepatikana. Mzima.

Jana sikuweza kuandika tena. Leo nijaribu.

Dereva mmoja wa bodaboda alimwambia Mussa kamwona bibi mwenye kanga ya njano anatembea kuelekea Mtawanya. Mussa alinifuata, tukaenda wote. Njia nzima nilikuwa naangalia mitaroni. Sikumwambia Mussa naangalia nini. Yeye naye alikuwa anaangalia.

Mtawanya kulikuwa na msiba. Turubai, wanaume kwenye viti, kisomo kimeisha, watu wamekula. Mussa akaingia kwa wanaume kuuliza. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kwa wanawake.

Alikuwa kule. Kakaa kwenye kibao katikati ya mabeseni, kanga kaifunga kifuani, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya povu. Upande mmoja rundo la sahani chafu, masinia, masufuria ya pilau yenye ukoko. Upande wa pili sahani safi, zimepangwa kwa ukubwa, vijiko vimelazwa upande mmoja. Alikuwa anafanya kazi kama mtu mwenye akili zake zote. Anasugua, anampa wa pembeni, wa pembeni anasuuza.

Mama mmoja mnene, ndiye aliyekuwa anasimamia jiko, kaniuliza, "Huyu ni wa kwenu? Sisi tulijua ni wa upande wa marehemu."

Nimesema ni mama yangu.

"Kaosha tangu asubuhi," kasema. "Tumemkaribisha chai, anasema amalize kwanza. Mungu ampe nguvu. Vijana wetu wote wamekimbia."

Hakuna aliyemwogopa. Hapakuwa na mtu aliyejua kitu. Mikono yake ilikuwa mikono ya mtu mwingine tu aliyekuja msibani, na chombo cha nani ni cha nani hakuna aliyejali.

Nilitaka kumshika, nimbebe, nikimbie naye. Badala yake nimekunja mikono ya gauni, nimekaa karibu naye. Kanisogezea sinia bila kuniangalia. Nimesugua. Ndipo machozi yakaanza, na sikuyazuia. Msibani hakuna anayeuliza kwa nini unalia. Mama wa kando yangu alinipiga piga mgongoni akasema marehemu kapumzika.

Tumemaliza vyombo vyote. Kisha mama akanyanyuka mwenyewe, akajifuta mikono, akanifuata kama aliyetoka kazini. Miguu ilikuwa imechanika. Nimemwosha nyumbani kwa maji ya uvuguvugu, nimempaka mafuta ya nazi. Alisinzia nikiwa bado nimeshika mguu.

Alhamisi, 26 Septemba

Selemani amekuja na pikapu, na godoro nyuma. Nilikuwa nimeshafunga nguo za mama kwenye begi. Sikulala, nilifunga tu.

Kaka amekunywa maji, akaanza kueleza chumba. Kiko nyuma, mbali na nyumba, hatamsumbua mtu. Komeo la nje, dirisha dogo. Chakula atapelekewa. Sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, ili visichanganyike na vya watoto.

Mussa alikuwa amekaa mlangoni. Mume wangu si mtu wa kusema. Kamsikiliza shemeji yake hadi mwisho. Kisha kasema, "Hapana, shemeji. Mama habebwi."

Selemani kanigeukia mimi. "Zuhura?"

Nimechukua begi nikalirudisha chumbani. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kaka ameondoka amekasirika. Kasema damu ya mama itakuwa mikononi mwetu. Inawezekana. Nimelia tena, lakini si kilio cha juzi.

Jumamosi, 28 Septemba

Shadya amerudi. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Nimemwona kwa macho yangu, kabebwa mgongoni, kakonda, anakula embe.

Jioni Mama Shadya alisimama upande wake wa ukuta. Sikujua aanze yeye au mimi.

"Mtoto ameamka," kasema.

"Alhamdulillahi," nimesema.

Basi. Kaingia ndani. Hakuomba radhi, wala sikutegemea. Bombani wako wanaonisalimia na wako wasionisalimia. Yule aliyefunga mlango amepeleka nguo zake kwa fundi mwingine.

Mwenyekiti kapita, kasema tulia, lakini geti lifungwe. Mussa amehamisha komeo, kaliweka juu, mama asipofikia. Kwa hiyo na sisi tunafunga. Naijua tofauti yetu na Selemani, lakini siku nyingine naona ni ndogo sana.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbaya leo. Mama kakataa kula, kamwaga uji, kanipiga kwa mwiko begani. Kasema mimi ni mwizi na mama yake akija atanifukuza. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini. Nimefikiria kile chumba cha Ziwani. Nimekifikiria kwa muda mrefu, komeo, dirisha na vyote. Halafu nimerudi kudeki uji.

Mussa amekuja akakuta nimelala sakafuni karibu na mama. Kapika yeye. Wali umeungua. Tumekula watatu sinia moja.

Jumapili, 20 Oktoba

Joto. Upepo hakuna. Harufu ya mabibo inatoka mashambani mpaka hapa.

Leo hakuna kilichotokea. Mussa kaenda kumtazama rafiki yake Mikindani. Mimi na mama tumekaa kwenye mkeka tangu mchana. Nilikuwa napachika vifungo, sare za shule. Yeye alikuwa ananitazama mikono kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayesoma.

Kisha akaniuliza, kwa adabu, jinsi unavyomuuliza binti wa watu, "Wewe mwanangu, ni mtoto wa nani?"

Nimemaliza kifungo. Nimekata uzi.

"Wa Bi Somoe," nimesema. "Bi Somoe wa Ziwani."

Akafurahi. "Namfahamu," kasema. "Namfahamu sana yule. Amehangaika." Akaninyooshea sare mapajani. "Ukifika nyumbani mwambie apumzike."

Nimesema nitamwambia.